Miaka 40 Tangu Tuagane Chuoni: Maswali ya Wastaafu wa Kusini

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa walimu, na sababu yake ni hesabu tu. Aliyemaliza chuo cha ualimu mwaka 1986 akiwa na miaka 20 au 21 ndiyo kwanza ametimiza 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Chaki ameiweka chini, na sasa ana nafasi ya kuuliza wenzake wako wapi. Barua tumezifupisha. Majina ya watu na vyuo hatukuyataja.

TULIKUWA 118, NINA NAMBA ZA 31

Ndugu Mhariri, tulimaliza Daraja la IIIA, cheti cha ualimu wa shule za msingi, mwaka 1986 katika chuo kimoja mkoani Mtwara. Tulikuwa 118. Nina namba za simu za 31, na tisa kati ya hizo hazipatikani. Waliobaki nitawapataje bila kuzunguka nchi nzima?
Mwalimu mstaafu, Masasi

Mwalimu, shikamoo. Simu iweke kando kwanza. Nunua kaunta buku la kwaya tatu, kaa na wenzako wawili watatu wenye kumbukumbu, mpite bweni kwa bweni, chumba kwa chumba, kitanda kwa kitanda. Ukimwambia mtu ataje wote aliosoma nao, atataja 20 akwame. Mwulize nani alilala kitanda cha juu yake, nani alikuwa golikipa, nani alipiga kengele ya alfajiri, nani walipangiwa naye shule moja ya mazoezi ya kufundisha. Majina yatakuja yenyewe, na mengine yatakuja usiku ukiwa umelala, kwa hiyo daftari lisikae mbali.

Kila jina lipate mstari wenye safu saba: jina la chuoni, jina la sasa, bweni, kituo cha kwanza cha kazi, kijiji au mtaa anakoishi, namba yake ya simu, na namba ya mtu mwingine wa nyumbani kwake. Hiyo ya saba ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Simu ya mstaafu hupewa mjukuu achezee, hutumbukia kwenye ndoo, na laini isiyotumika muda mrefu hugawiwa mtu mwingine kabisa. Zile namba zako tisa zisizopatikana zingekuwa na namba ya binti au mkwe pembeni, leo usingetuandikia.

Kwa wanawake, safu ya pili ijazwe kwa uangalifu zaidi. Mwenzenu aliyeitwa kwa jina la baba yake mwaka 1986 huenda kazini alitumia jina la mume, na kijijini hakuna amjuaye ila kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ukifika ukauliza jina la chuoni utajibiwa kuwa mtu huyo hayupo, naye yuko nyumba ya tatu anapepeta mchele. Andika yote matatu.

Baada ya hapo fuata safu ya nne, kituo cha kwanza. Ofisi za walimu wakuu wa shule za msingi mara nyingi huwa na ubao ukutani wenye orodha ya walimu wakuu waliopita na miaka yao. Ubao huo ni hazina. Mtu wenu akipita shule hiyo apige picha ya ubao, kisha amuulize mwalimu mkongwe kuliko wote pale, au mpishi, yule aliyepangiwa hapo mwaka 1986 alihamia wapi. Kwa kawaida jibu litakupeleka shule ya pili au ya tatu, na huko utapata mtu aliyehudhuria hafla ya kumuaga. Afisa elimu kata na mwakilishi wa chama cha walimu nao wanafahamu wastaafu wao. Ukienda halmashauri usiombe wakupe namba za simu za watu. Hawatakupa, na wana haki. Acha barua fupi yenye jina lako, jina la chuo, mwaka na namba yako, uwaombe wamfikishie mhusika. Wengi hupiga wenyewe.

Simu ya kwanza kwa mtu mliyepotezana miaka 40 isitaje mchango. Hili limewatoa wengi: mtu anapigiwa, anafurahi, dakika ya tatu anaambiwa "sasa kuna kamati, tunachanga elfu hamsini". Hapokei tena. Mpigie, mkumbushane, chukua taarifa za safu saba, umuulize kama anakubali namba yake wapewe wenzake. Swali hilo la mwisho si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa yake. Picha ya daftari zima isitupwe kwenye kundi la WhatsApp. Matapeli wanaishi kwa orodha za wastaafu.

Mtakaowakuta wametangulia msifute mistari yao. Andikeni mwaka, walikozikwa, na jina la mtoto au mwenza aliyebaki.

NOVEMBA AU PASAKA?

Wenzetu walio Mtwara na Newala wanataka tukutane Novemba, korosho ikishauzwa. Sisi tulio Dar es Salaam na Morogoro tunataka Pasaka kwa sababu ya mapumziko. Nani ana haki? Na tukutane wapi?
Mhitimu wa 1986, Dar es Salaam

Samahani, pande zote mbili mmekosea.

Pasaka huangukia Machi au Aprili, na hapo Kusini iko ndani ya mvua. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ni moja: Kibiti, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Nangurukuru, Lindi. Ikikatika, imekatika. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Kijana wa miaka 30 hulala ndani ya basi akaamka. Mwenye sukari na vidonge vya kumeza kwa saa hawezi kubahatisha hivyo.

Novemba nayo inaonekana tamu kwa sababu ya pesa. Lakini minada ya korosho huanza Oktoba, na mkulima halipwi siku ileile anayopeleka mzigo ghalani. Mnaweza kupanga sherehe tarehe 15 na malipo yakaingia tarehe 28. Zaidi ya hapo, msimu ule gesti za Masasi, Newala na Tandahimba hujaa wanunuzi, madalali na madereva wa malori, na bei ya chumba hupanda. Wenyeji wenyewe hamtawapata. Mwenye mikorosho haachi mali chini akaja kucheza muziki.

Chagueni kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai, au kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba mapema. Ni kipupwe, barabara kavu, joto la pwani limepungua. Wiki ya kwanza ya Agosti iacheni, hasa kama mnafikiria Lindi: maonyesho ya Nane Nane hufanyika Ngongo na vyumba mjini humalizika. Mkishapata wiki, wekeni Ijumaa kuwa siku ya kufika, Jumamosi siku ya shughuli, Jumapili siku ya kuondoka baada ya ibada. Ijumaa isiwe na kikao kabla ya saa 9 alasiri, ili anayeswali aswali na anayesafiri afike.

Mahali. Mtwara mjini ni karibu kilomita 560 kutoka Dar es Salaam. Basi huondoka alfajiri na kufika jioni. Masasi ni karibu kilomita 200 kutoka Mtwara, na kwa watu wa Songea, Tunduru, Nachingwea na Newala ndiyo njia panda. Kama wengi wenu wako bara, Masasi inaokoa nauli. Ila kwa kundi la watu wa miaka 60 kwenda juu, sisi tungeelemea Mtwara: kuna uwanja wa ndege kwa asiyeweza tena basi, na zipo hospitali mbili za rufaa, Ligula na ile ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Mikindani nayo iko jirani, kilomita kama 10, kwa hiyo matembezi ya Jumapili asubuhi hayamchoshi mtu goti.

Kulala chuoni kwenyewe kunavutia, na vyuo vingine huruhusu wanachuo wakiwa likizo. Andikeni barua kwa mkuu wa chuo miezi mitatu kabla, mkitaja idadi, siku, na nani atalipia maji na umeme. Lakini kabla ya kusaini tumeni mtu akaangalie mambo mawili. La kwanza vitanda. Vya deka vina ghorofa, na ya juu kwenu haihesabiki, kwa hiyo chumba cha watu wanane kina nafasi nne. La pili vyoo. Choo cha kuchuchumaa kwa mwenye goti bovu ni adhabu; kama hakuna cha kukaa, nunueni viti vya choo vya plastiki viwili, kimoja kwa kila upande, au walioumwa miguu wapangiwe gesti. Ukumbi uwe wa chini, usio na ngazi.

Barua ya mwaliko iseme wazi: dawa za siku tano hata kama safari ni ya siku tatu, kadi ya bima, kitambulisho, na chandarua. Hilo la chandarua si mzaha. Aliyekaa miaka 30 Makete au Arusha mwili wake umeisahau malaria ya pwani, na huumwa vibaya kuliko mwenyeji. Kwenye basi, kila linaposimama ateremke anyooshe miguu; kukaa saa 10 bila kusogea huvimbisha miguu na huweza kugandisha damu.

WATU 60 WALE NINI?

Nimeteuliwa kamati ya chakula. Tunatarajia watu 60, nusu wana sukari au presha. Mpishi ameniandikia mchele kilo 20 na nyama kilo 30. Ni sawa?
Mwanakamati, Lindi

Mpishi wako anapika kwa ajili ya vijana wa harusi. Kwanza pima hao 60: wanaosema "nitakuja, Mungu akipenda" bila kulipa chochote, hesabu theluthi mbili. Waliolipa hata nusu, hesabu wote.

Kwa watu 60 wa rika hilo, mlo mkuu wa mchana: mchele wa pilau kilo 9, yaani gramu 150 kwa mtu. Nyama ya ng'ombe kilo 6 ndani ya pilau na kilo 6 za mchuzi. Kuku 10, kila mmoja vipande vinane. Mbaazi kavu kilo 4 na nazi nane kubwa. Matembele au kisamvu cha kutosha sufuria moja kubwa, kwa sababu mwenye sukari sahani yake inatakiwa nusu iwe mboga. Wekeni na ugali wa muhogo kidogo, kilo 4 za unga; kuna watakaoupita pilau kuufuata huo. Tikiti maji saba. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, jumla lita 120, ambazo ni katoni 10 za chupa 12 za lita moja. Ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu Kusini, ya kuchemsha ikipatikana sokoni iwe ya asubuhi na chai. Kwa waliohama Kusini zamani hiyo peke yake ni sababu ya kusafiri.

Pilau la shughuli huharibikia sehemu mbili. Mchele mpya wa msimu una maji bado, ukipimwa maji ya kawaida unakuwa bokoboko. Nunueni wa msimu uliopita. Na sufuria kubwa haipotezi mvuke kama ndogo, kwa hiyo kilo 9 hazitaki lita 18 kwa sababu tu kilo moja nyumbani hutaka lita mbili. Lita 12 hadi 13 zinatosha, mkihesabu na supu ya nyama humohumo. Chumvi itiwe nusu ya mazoea, nyingine iwekwe mezani. Chai isitiwe sukari jikoni. Mlo uwe saa 7 mchana kamili, kwa kuwa aliyechoma sindano ya insulini hasubiri hotuba ya mgeni rasmi.

MFUKO WA FARAJA UMEKAUKA

Tuko 42. Kila mtu anachanga 5,000 kwa mwezi. Akifa mwanachama tunatoa 500,000, mwenza 300,000, mtoto au mzazi 100,000. Mwaka jana mfuko ulikauka Septemba na waliofiwa baada ya hapo hawakupata kitu. Wamenuna. Mweka hazina anaapa hakuiba. Tumwamini?
Katibu, Nachingwea

Inawezekana kabisa hakuiba. Fanya hesabu pamoja nasi, Katibu.

Watu 42 kwa 5,000 ni 210,000 kwa mwezi, 2,520,000 kwa mwaka. Chukua mwaka mwema: wamefariki wanachama wawili (1,000,000), wenza wawili (600,000), watoto au wazazi watatu (300,000). Jumla 1,900,000, mnabaki na 620,000. Lakini kufikia mwisho wa Septemba mnakuwa mmekusanya miezi tisa tu, 1,890,000. Misiba yote saba ikitangulia kabla ya hapo, mfuko umekauka Septemba hata katika mwaka mwema, bila mwizi. Katika mwaka wenye vifo vinne vya wanachama, misiba mingine ikibaki ileile, mnahitaji 2,900,000, na hamna. Sasa ongeza wasiolipa. Wanane wakilegea, 480,000 za mwaka hazikuingia.

Na kuna jambo ambalo vikundi vingi vya waliosoma pamoja havitaki kulitazama usoni. Mfuko wa ukoo au wa mtaa una vijana wanaoingia kila mwaka. Hao ndio wanaoubeba. Mfuko wa rika moja hauna. Kila mwaka wachangiaji wanapungua na misiba inaongezeka. Mkibaki 38, mapato yanashuka hadi 2,280,000 huku ahadi zenu zikiwa zilezile. Kiwango kisichobadilika hakiwezi kudumu kwenye kikundi kisichozaa. Atakayekufa wa mwisho atakuta kapu tupu, naye ndiye aliyechanga miaka mingi kuliko wote.

Dawa yake ni kuacha kuahidi kiasi na kuahidi fungu. Kwa mfano: mwanachama apate moja ya tano ya salio la siku hiyo, isizidi 500,000, mwenza moja ya nane, isizidi 300,000, mtoto au mzazi moja ya ishirini, isizidi 100,000. Salio likiwa 1,200,000, hizo ni 240,000, 150,000 na 60,000. Ni ndogo kuliko mlizozoea, ila kapu linalotoa fungu halikauki. Pengo lijazwe na mchango wa papo hapo: watu 42 wakitoa 5,000 za ziada ni 210,000 nyingine. Wapo watakaosema si haki aliyefiwa Januari apate tofauti na wa Oktoba. Waulizeni kama ni haki wa Oktoba asipate kabisa, maana ndicho kilichotokea.

Njia nyingine ni kukaribisha waliomaliza miaka mitano na kumi baada yenu. Mtapata damu changa, mtapoteza utani wa bwenini. Wengine huona gharama hiyo ni kubwa; hatuwalaumu.

Kasi ni muhimu kuliko wingi. Huku pwani aliyefariki asubuhi huweza kuzikwa alasiri. Fedha inayofika siku ya tatu haikununua sanda. Katiba iseme: ndani ya saa 24 tangu taarifa kuthibitishwa, nusu ya fungu iwe imeshatumwa, nusu ipelekwe kwa mkono kwenye hitima au arobaini. Na kwenye lile kaunta buku wekeni alama ya nani anaishi karibu na nani. Msiba ukitokea Liwale, wanachama watatu walio karibu zaidi ndio wanaowajibika kwenda, wakilipiwa nauli na mfuko. Watu wa Dar es Salaam waache kulaumiwa kwa kukosa maziko ambayo hata basi lisingewahi.

Kuhusu mweka hazina: kabla ya kumwamini au kumshuku, linganisheni leja yake na taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu au benki, mwezi kwa mwezi. Watu wawili wasio viongozi wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Kama fedha ziko kwenye laini yake binafsi, zihamisheni wiki hii hata kama ni malaika. Laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Akifa ghafla, fedha zenu zinahesabika kuwa zake, na ili zitoke lazima familia ipate msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mtakuwa mnadai pesa za msiba katikati ya msiba. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa, wasitoke nyumba moja wala kijiji kimoja. Benki kwa kawaida itataka katiba, muhtasari wa kikao ulioteua watia sahihi, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji, vitambulisho vya taifa na picha. Asiyefika benki kirahisi aangalie M-Koba, ambako kikundi huchanga kwa simu na fedha hazitoki mpaka wengine waidhinishe.

Usajili unategemea mnachofanya. Mkikopeshana, ninyi ni kikundi cha kijamii cha huduma ndogo za fedha chini ya sheria ya mwaka 2018, na mnajisajili halmashauri. Mkiwa jumuiya ya kusaidiana tu, njia yenu ni Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Msijisajili halmashauri mkitumaini ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Imetengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Uzee peke yake haumo.

MJANE ATOLEWE KUNDINI?

Mume wangu alisoma nao. Alipofariki nilikaa kwenye kundi lao kwa simu yake. Siku ya nne nikatolewa. Nimekosa nini?
Mama, Ruangwa

Pole, Mama. Hujakosa. Aliyekutoa huenda aliona jina la marehemu likimtisha kila asubuhi, hata hivyo alikosea. Mwandikie katibu ujumbe mfupi, kwa namba yako mwenyewe, kwamba unaomba kubaki kama mjane wa mwanachama. Kwenye katiba za baadhi ya vikundi, mjane au mgane anayeendelea kuchanga hubaki na haki ya faraja kwa ajili yake na watoto. Asiyechanga hubaki kwenye daftari na mialiko. Kama katiba yao imenyamaza, barua yako ndiyo itawafanya waandike. Makatibu mnaosoma hapa: laini ya marehemu isiondolewe kabla ya arobaini, na kabla ya kuiondoa mpigieni mjane au mgane wake.

RAFIKI ANATAKA NIMDHAMINI

Nimepokea kiinua mgongo. Rafiki niliyelala naye chumba kimoja chuoni anataka nimdhamini benki, mwingine anataka nimkopeshe 3,000,000 anunue shamba la mikorosho. Nikikataa nitaonekana nina majivuno.
Mwalimu mstaafu, Tandahimba

Mdhamini hasaini kwamba anamfahamu mtu. Anasaini kwamba atalipa. Mkopaji akishindwa, benki haina sababu ya kumtafuta maskini ikiwa wewe una pensheni inayoingia kila mwezi. Kataa dhamana, bila maelezo marefu; sema fedha ni za nyumba nzima na mwenza amekataa. Na mwenza wako awe anajua kweli.

Kumkopesha wa pili kunajadilika. Toa kiasi ambacho kikipotea bado mtasalimiana, mwandikishiane mbele ya shahidi wa kila upande, na marejesho yafuate korosho: shamba halilipi Machi. Kabla ya yote nenda ulione shamba, uhesabu mikorosho, umuulize jirani wa mpakani na ofisi ya kijiji ni la nani. Mikorosho mizee iliyoachwa bila kupogolewa wala kupuliziwa dawa ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, si mali ya 3,000,000.

Na kadi yako ya benki usimpe mtu yeyote "aishike" kama rehani. Ndivyo wakopeshaji wa mtaani waitwao kausha damu wanavyofanya kazi: wanashika kadi na namba ya siri, mwisho wa mwezi wanatoa wao.

AMEPOOZA, PENSHENI IMESIMAMA

Mwenzetu amepooza yuko kijijini Liwale. Pensheni imesimama kwa kuwa hakuhakikiwa. Kijana mmoja anasema atamsaidia kwa 50,000.
Mwanakikundi, Lindi

Kijana asipewe hata shilingi. Uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba mstaafu bado yu hai, haulipiwi. Aliyestaafu utumishi wa umma analipwa na PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kwa hiyo karatasi zake zenye majina hayo ya zamani zisitupwe. Uhakiki hufanyika kwa simu janja kupitia programu ya PSSSF Kiganjani, ambayo hutambua uso. Mwanakikundi mwenye simu yenye kamera nzuri aende na bando, akiwa na namba ya pensheni na kitambulisho cha taifa cha mgonjwa. Amketishe mwanga ukimpiga usoni, si mgongoni, bila kofia wala miwani. Kiharusi huupinda uso, na mashine inaweza kumkataa; hapo msirudie mara 20. Pigeni simu ofisi ya mfuko ya mkoa, mweleze hali yake, muulize wanataka barua gani ya daktari na ya serikali ya kijiji. Muulize pia kuhusu miezi iliyoruka, maana kusimama kwa malipo si kufutwa kwa haki.

TAARIFA ZA WENZETU ZIANDIKWEJE?

Tunataka karatasi ya habari mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa 15 kati yetu hawana simu janja. Iwe na nini?
Katibu mwenezi, Newala

Ukurasa mmoja wa A4, pande mbili, herufi za ukubwa wa 14. Chini ya hapo macho ya miaka 60 hayasomi. Kila atakayeandikwa katika toleo hilo apate maneno 40 hadi 60: kituo cha mwisho, anakoishi, anachofanya sasa, na mtu anayemtafuta. Hilo la mwisho ndilo linalofanya karatasi isomwe mpaka chini. Vyeo, idadi ya nyumba na shahada za watoto mvikate; aliyekwama hujificha akisoma majigambo ya wenzake, na mkimpoteza huyo mmempoteza mliyemhitaji kumjua zaidi.

Habari ya kifo ichapishwe tu baada ya kuthibitishwa na watu wawili, mmoja wao akiwa wa nyumba ya marehemu. Majina yanafanana sana huku kwetu, na kuna wastaafu waliowahi kusoma rambirambi zao wenyewe. Nakala 15 zipelekwe stendi zikiwa kwenye bahasha yenye namba ya mpokeaji. Aliye mbali na barabara, bahasha yake iende kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na jina liandikwe lile analoitwa kijijini.